Rafiki yangu alifuata kitabu nilichompa, sasa naogopa kupendekeza kingine

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, ni muuguzi na naishi Morogoro. Naomba jina langu lisitajwe, maana baadhi ya wanaohusika wanasoma safu hii na tunaonana kila wiki.

Tuna kikoba cha wanawake 11. Mwaka 2022 nilitoa wazo kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza hisa na marejesho, mmoja wetu atueleze kitabu alichosoma. Tunachanga shilingi 2,000 kila mmoja, kinanunuliwa kitabu, kinazunguka nyumba kwa nyumba. Tulianza na vitabu vya mafanikio: kubadili fikra, kuamka alfajiri, kuachana na ajira, pesa ikufanyie kazi. Mama, nilivipenda kweli. Nilipiga mistari kwa kalamu, nikanakili sentensi na kuzibandika mlangoni mwa kabati. Wenzangu wakaanza kuniita Mwalimu.

Katika kikundi yumo rafiki yangu wa tangu sekondari, nitamwita Mama K. Alikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa tisa pale. Mimi ndiye niliyempa kitabu cha Mmarekani mmoja, tafsiri ya Kiswahili, nikamwambia, "Hiki soma, kitakutoa hapo ulipo." Maneno yangu ni hayo hayo, siyasahau. Alikisoma mara mbili. Baada ya miezi mitatu akaacha kazi, akachukua mkopo wa kikoba na kuingiza vifaranga 300 vya kuku wa nyama. Kideri kikapita. Ndani ya siku nane alibaki na kuku 19. Akakopa tena ili afidie, safari hii kausha damu, bila kumwambia mtu. Wakopeshaji walikuja mchana kuchukua friji na godoro, majirani wakiangalia. Sasa anauza vitumbua asubuhi, na deni la kikoba bado halijaisha.

Hajawahi kunilaumu. Anakuja vikaoni, analipa anachoweza, tunasalimiana. Lakini hanitazami kama zamani. Mume wake ndiye aliyesema msibani, mbele ya watu, "Vitabu vyenu hivyo ndivyo vilivyotufikisha hapa." Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile sijafungua kitabu cha mafanikio. Nilikaa miezi bila kusoma chochote. Kisha siku moja nikitoka zamu ya usiku nikapita kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi, nikakiona Kufa na Kupona cha Elvis Musiba. Marehemu baba alikuwa nacho, jalada limebanduka, na sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Nikakinunua kwa kumkumbuka tu. Mpelelezi wake, Willy Gamba, alinipitisha kituo changu cha daladala mara mbili! Nikarudi kwa yule muuzaji, nikapata Utengano cha Said Ahmed Mohamed na Rosa Mistika cha Kezilahabi. Baadaye mfanyakazi mwenzangu akaniletea Peponi kutoka Dar, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah.

Vimenifanyia kitu ambacho sijui nikiiteje. Nilipomsoma Maimuna wa Utengano, aliyefungiwa ndani na baba yake mpaka siku alipotoka hakujua dunia ikoje, nilimtazama binti yangu wa miaka 14. Sijawahi kumruhusu hata kwenda kwa shangazi yake bila mimi. Sasa anakwenda. Na kwenye Peponi, pale Yusuf anapokabidhiwa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, nilifunga kitabu nikalia. Niliona lile friji likipakiwa kwenye kirikuu.

Mume wangu anasema hadithi za kutunga ni za wanafunzi, mtu mzima asome kitu cha kumwongezea.

Mwezi ujao ni zamu yangu. Wameniandikia, "Mwalimu, funga mwaka kwa kutuletea orodha ya vitabu ulivyosoma, vya kutujenga." Sina vya kuwajenga. Nina riwaya nne. Nikizitaja wataona nimewapotezea hela, na Mama K. atakuwa amekaa mbele yangu. Nikipeleka kitabu kingine cha mafanikio nitakuwa nawadanganya. Nikinyamaza, wataelewa kwa nini.

Mama, nina haki ya kumpendekezea mtu kitabu tena? Na kwa maisha haya tuliyo nayo, kusoma kwa kujifurahisha si anasa?

Mimi, nisiyetaka tena kuitwa Mwalimu
Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jana jioni, nikairudia leo asubuhi. Maswali yako mawili nimeyaona. Mkutano wa Jumamosi unakuumiza kichwa, na una haki. Ila kila aya uliyoandika inaishia kwa Mama K., hata ile ya Yusuf. Kwa hiyo nitaanza naye, vitabu vitafuata.

Sitakwambia kwamba huna mkono wako katika yaliyompata. Hutaniamini, na pengine si kweli. "Kitakutoa hapo ulipo" ni ahadi, na wewe uliitoa kwa niaba ya kitabu. Wewe ni muuguzi. Mgonjwa akija dirishani humpi dawa kabla hujamuuliza ana ugonjwa gani mwingine, anatumia dawa gani nyingine, ni mjamzito au la. Mama K. ulimpa dozi iliyokufaa wewe, mwenye mshahara uliobaki palepale ulipokuwa ukipiga mistari. Jambo hilo liangalie, halafu ulipatie ukubwa wake unaostahili, usiliongezee.

Maana yapo mengine. Vifaranga waliuawa na kideri. Mkopo wa kwanza haukutoka kitabuni, ulitoka kikobani, na najua vikoba vinavyokwenda: uliombwa kikaoni, ukajadiliwa, wadhamini wakaweka sahihi. Wanawake 11 walikaa pale. Kuna aliyemuuliza banda liko wapi, chanjo itatolewa siku gani, na wakifa wote atalipa na nini? Sikuulizi ili nigawe lawama kama hisa. Ni kwamba mzigo huu umeubeba peke yako kichwani, na kwa kuubeba hivyo umemnyang'anya rafiki yako kitu. Mama K. ni mtu mzima. Miaka tisa alihesabu hela za watu wengine pale kaunta. Alisoma mara mbili, akakaa miezi mitatu, akaamua. Inawezekana aliitaka safari hiyo tangu kabla hujamletea kitabu. Je, uliwahi kumuuliza?

Na hili la kwamba hakutazami kama zamani. Mtu aliyetolewa godoro mchana, majirani wakiangalia, huwa hamtazami mtu yeyote kama zamani. Wewe umeisoma kama lawama, na inaweza kuwa lawama. Inaweza pia kuwa aibu. Au huenda yeye naye ameona kwamba tangu siku ile ya msibani umekuwa mfupi wa maneno, akadhani unamkwepa kwa sababu anadaiwa. Katika barua yote umeniambia mumewe alisema nini, na wenzenu waliandika nini. Yeye mwenyewe hujaniambia hata sentensi moja aliyoisema.

Sasa vitabu.

Vitabu vya mafanikio sitavitukana, na wewe usivitukane kwa sababu ya uchungu. Vina ukoo mrefu. Mwaka 1859 Mskoti mmoja, Samuel Smiles, alitoa huko London kitabu alichokiita Self-Help, yaani kujisaidia mwenyewe. Alijaza humo maisha ya mafundi, wavumbuzi na wafinyanzi walioanza chini wakapanda, na mwanzo wake ulikuwa mazungumzo yake na vijana wafanyakazi waliokuwa wakikutana jioni kufundishana. Ni kikundi kama chenu, mwanangu. Kazi ya namna hiyo ina heshima yake. Lakini angalia inavyojengwa: anayesimuliwa ni yule aliyevuka mto. Waliojitosa siku ileile, kwa bidii ileile, wakachukuliwa na maji, hawana sura kitabuni. Msomaji akifunga ukurasa wa mwisho anaweza kuamini kwamba kilichowavusha wale ni bidii peke yake.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1858, huku kwetu pwani, mama mmoja wa kisiwa cha Pate alitunga wosia ambao mpaka leo unasomwa: Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu. Nao ni maandishi ya kumjenga mtu, na ni ya kwetu. Anaanza kwa kumwita binti yake asogee na wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima. Kabla hajashauri lolote tunamjua yeye ni nani, ana hali gani, na anamwambia nani. Wanawake wengi wanaousoma utendi huo siku hizi wanabishana nao, hasa anapofundisha kwamba siku ya kiyama mume ndiye atakayeulizwa kama mkewe aende peponi au motoni. Mimi mwenyewe hapo huwa nasimama. Lakini nakaa na Mwana Kupona kama ninavyokaa na bibi yangu: hili nalichukua, hili hapana, bibi, nyakati zako zilikuwa nyingine. Naweza kukataa kwa heshima kwa sababu hakujificha. Kile kitabu ulichompa Mama K. kilizungumza kana kwamba kinamjua kila mtu kila mahali, na wewe ulipokikabidhi hukuongeza kuwa wewe ulikisoma ukiwa na ajira.

Unaniuliza kama una haki ya kupendekeza tena. Mimi ningejiuliza napendekezaje. "Kisomeni, kitawatoa" ni namna moja. Namna nyingine ni kusema: mimi nilikuwa nimevunjika moyo, sikutaka kuona kitabu, nikakuta riwaya ya baba yangu kwa muuza mitumba, nikacheka tena. Hapo huna ulichoahidi. Umeeleza ulipokuwa, anayesikiliza atapima kama naye yupo hapohapo.

Hili la anasa limenigusa, kwa sababu umeniandikia kwamba riwaya hazijengi, na aya chache juu yake umenieleza jinsi riwaya ilivyomfungulia binti yako mlango. Ni kitabu gani kati ya vile ulivyobandika kabatini kilichowahi kubadili kitu ndani ya nyumba yako kwa namna hiyo? Labda kipo, nawe utaniambia. Ila mpaka huo uliouchora, kujenga upande huu na kufurahisha upande ule, sidhani kama barua yako yenyewe inaukubali. Kuhusu deni, ulisoma vitabu vingapi vya pesa? Na ni kipi kilichokufanya ulifikirie deni la mwenzako mpaka ukalia? Ni hadithi ya mtoto Yusuf, aliyeamini kwamba yule tajiri ni ndugu wa baba yake, kumbe yeye ndiye rehani.

Willy Gamba naye mwache apite bila kuulizwa amekuja kujenga nini. Amekurudishia usomaji, na amekurudishia baba yako kwa siku mbili. Wazee walipotupa neno burudani walilichukua kwenye ubaridi, kupoa. Wewe unayewapooza wagonjwa homa usiku kucha unajua mwili uliochemka unavyotamani kupoa.

Mumeo tusimgombeze. Katika nyumba nyingi kauli kama yake hutokana na hofu ya ada na kodi, mtu anaona kila saa lazima ilete kitu. Jaribu siku moja kumsomea kurasa mbili za mwanzo za Peponi wakati anasubiri chakula, bila kumwambia ni za kumfundisha nini.

Turudi Jumamosi. Unaweza kuomba mtu mwingine achukue zamu yako. Umechoka, na hakuna aliyeandikiwa kusimama kila anapoitwa. Hatari yake umeiona mwenyewe: kimya hicho kila mmoja atakijaza kwa maneno yake, na Mama K. anaweza kusoma humo kwamba hata wewe unaona vitabu ndivyo vilivyomwangusha. Unaweza pia kupeleka kitabu cha mafanikio, lakini kwa namna mpya, mkisome kwa kuhoji: huyu mwandishi aliishi wapi, mtaji alipata kwa nani, walioshindwa wako wapi? Ni kazi nzuri. Sina hakika kama moyo wako uko tayari kuifanya mwaka huu.

Ukipeleka riwaya, nitakueleza ninayoyaona, kila moja na lake. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na kuna wakati ilizuiwa shuleni. Ni hadithi ya ukali wa baba na ya binti anayepotea, na mwisho wake binti huyo anajiua. Katika wanawake 11 hujui nani amefiwa hivyo, au nani amewahi kulifikiria. Mimi nisingeificha, ila ningewaambia mapema mwisho ukoje, kabla hakijaingia nyumba ya mtu. Utengano itawagusa wenye mabinti, na jiandae, kuna atakayekuambia kumfungia mtoto ni kumlinda. Mwache aseme, mjadala huo una faida kwenu nyote.

Peponi ndiyo inayonitia wasiwasi. Ni kitabu kikubwa, cha mwandishi wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na Ida Hadjivayanis alikitafsiri mwaka uliofuata kwa Kiswahili kinachosomeka kana kwamba kiliandikwa hivyo tangu mwanzo. Lakini fikiria: kikaoni kuna mtu mmoja ambaye deni lake linajulikana na wote, na wewe unasimama kusimulia habari ya mtoto aliyetolewa kwa ajili ya deni. Sisi tunajua mafumbo, mwanangu. Watu wanaambiana kwa kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Utasema umependa riwaya, wenzako watageuka kumtazama Mama K., naye atajiona amewekwa kwenye meza ya maonyesho. Nia yako njema haitasikika.

Ndiyo maana naona kabla ya kitabu chochote kuna mazungumzo. Nayo yana hatari yake. Ukienda, anaweza kukuambia, "Ndiyo, nakulaumu." Je, utaweza kukaa pale palipo na neno hilo bila kujitetea kwa habari za kideri? Kama bado huwezi, subiri. Ukiona unaweza, nenda saa anapomaliza kuuza, mikono ikiwa mitupu. Usiende na bahasha ya hela, atajiona anafutwa. Usiende pia kuomba msamaha kwa haraka ili wewe urudi mwepesi, ukimwachia yeye kazi ya kukubembeleza. Mwambie ulichoniandikia, kwamba maneno yako unayakumbuka. Halafu muulize kitu ambacho nadhani hajaulizwa na mtu: yeye mwenyewe, sasa hivi, anakionaje kile kitabu? Alikisoma mara mbili, akakiingiza kwenye maisha kuliko mwingine yeyote kati yenu. Kama kuna mtu katika kikundi anayeweza kueleza wapi kinasema kweli na wapi kinadanganya, ni yeye. Akitaka kuyasema Jumamosi, zamu yako inaweza kuwa yenu wawili. Asipotaka, yabaki baina yenu, na Peponi ikae kwanza mpaka yeye mwenyewe akuombe.

Na mkiwa mmekaa hivyo, unaweza kumuuliza kama angependa suala la kumsogezea muda wa marejesho lipelekwe kikaoni. Hilo liamuliwe na yeye na katiba ya kikundi chenu. Natamani tu kama mlivyokubali kusoma pamoja, muweze pia kudaiana kwa utu.

Ukitafuta kitabu kimoja cha katikati, cha kujenga na chenye ladha, kipo Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Alianza ukarani serikalini mwaka 1926, na sehemu kubwa ya kazi zake aliziandika akiwa bado ni mwajiriwa wa mtu, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Alifiwa na mkewe Amina akabaki na watoto. Hasemi acha kazi, hasemi baki. Anaeleza yalivyompata, kwa lugha ambayo ukiisoma kwa sauti unatamani mtu mwingine awe anasikia. Kwa wanawake wanaotoka kazini wamechoka, naona kina la kuwaambia. Lakini wenzako unawajua wewe.

Kuhusu lile jina la Mwalimu, usiharakishe kulikataa mbele yao. Jaribu kwanza kuwaambia mwaka wako ulikuwaje, uone watakuita nani.

Kama utafika kwa Mama K., niandikie tena. Ningependa kujua, katika kitabu kile, yeye alipiga mstari wapi.